Filamu ya Pili ya Kadija

Kadija binti Mfaume alifika hospitali ya Lindi akiwa na filamu mbili za eksirei. Duka la dawa lilikuwa limezifunga kwa karatasi nyeusi, naye juu yake akazizungushia khanga ili zisipigwe na jua. Alikuwa fundi cherehani wa Kilwa Masoko, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Mwaka mzima alikuwa amehangaika na maumivu chini ya mbavu za kulia, mpaka ultrasaundi ya Dar es Salaam ikaonyesha kwamba mfuko wake wa nyongo umejaa vijiwe. Ilikuwa mwaka 1997, mwezi wa tisa. Hospitali zilikuwa zimeshaanza kumtaka mgonjwa achangie matibabu, na kuchangia kwenyewe maana yake ilikuwa ni kuja na vitu mkononi: glovu, nyuzi za kushonea, dripu, pamba. Kadija aliambiwa aje na filamu pia, na aliyemwambia ni Restuta.

Restuta alikuwa mpiga picha wa eksirei katika hospitali ile kwa miaka kumi na tisa. Kwao ni Newala, juu ya uwanda, lakini aliolewa Lindi, na mumewe alipofariki alibaki pale pale, mtaa wa Mtanda, na nyumba yake ya vyumba viwili. Ndiye aliyemkalisha Kadija kwenye benchi la nje ya chumba cha eksirei akamweleza kwa nini filamu ziwe mbili.

Kijiwe, alimwambia, kinaweza kutoka kwenye mfuko wa nyongo kikateremka mpaka kwenye mrija unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Daktari akiutoa mfuko bila kuuangalia mrija, mgonjwa anaweza kurudi kwake na jiwe lake ndani. Kwa hiyo kabla ya kushona, tumbo likiwa bado wazi, wanasukuma ndani ya mrija dawa inayong'aa nyeupe kwenye eksirei, na picha inapigwa hapo hapo mezani. Jiwe huonekana kama kiduara cheusi katikati ya ule weupe. Tatizo ni kwamba povu la hewa likiingia pamoja na dawa, nalo huonekana vile vile. Hapo ndipo filamu ya pili inapohitajika. Meza inainamishwa, maji ya chumvi yanasukumwa, picha inapigwa tena. Povu litakuwa limehama. Jiwe litakuwa pale pale.

Kadija alielewa mara moja. Alisema hata yeye hakati kitambaa cha mtu kabla ya kupima mara mbili.

Wiki hiyo hospitali ilikuwa na ugeni. Daktari Damiani, bingwa wa upasuaji kutoka Dar es Salaam, alikuwa amekuja kwa kambi ya upasuaji ya siku tano, na mganga mkuu wa hospitali, Daktari Nikodemo, alikuwa amepaka chokaa hadi mawe ya njiani. Wagonjwa walipangwa saba kwa siku. Kadija alikuwa wa nne siku ya pili, na mgeni alikuwa ameshaangalia saa yake mara kadhaa kwa sababu saa saba alikuwa anangojwa kwenye chakula.

Restuta alivaa aproni yake ya risasi ya kuzuia mionzi, akaisukuma mashine ndogo ya magurudumu mpaka mezani, akatelezesha kaseti yenye filamu chini ya mgongo wa Kadija. Mfuko wa nyongo ulikuwa umeshatolewa. Daktari Sipriani, mganga wa hapo hapo hospitalini aliyekuwa msaidizi siku hiyo, alikuwa ameshika vyuma vya kutanulia jeraha. Dawa ilisukumwa, watu wakarudi nyuma, Restuta akabonyeza. Kisha akachukua kaseti, akavuka ukumbi mbio hadi chumba cha giza, akaiosha ile picha, akarudi nayo ikiwa bado inachuruzika maji na kuitundika kwenye taa.

Mrija ulionekana vizuri, mweupe, mnene kuliko inavyotakiwa. Chini kabisa, mahali unapoingia kwenye utumbo, weupe ulikatika. Ulikatika kwa mkunjo, kama ukingo wa ukucha, na chini ya mkunjo ule palikuwa na kiduara cheusi. Hata tone moja la dawa halikuwa limepita kuingia kwenye utumbo. Restuta alikuwa ameona picha za namna hiyo za kutosha, enzi za madaktari wawili waliomtangulia Sipriani, na kila mara kilichotolewa kilikuwa jiwe.

Damiani aliinua macho akaitazama kwa muda wa kumeza mate.

"Povu," alisema, akanyoosha mkono apewe uzi.

Restuta alisema kwamba filamu ya pili ipo, mgonjwa mwenyewe ameinunua, iko ndani ya kaseti tayari. Aliomba meza iinamishwe apige tena, haitachukua dakika kumi. Alisema kwa adabu, kama mtu anavyosema na mgeni. Damiani hakugeuka. Aliuliza ni nani aliyemwomba maoni, halafu akaongeza kwa sauti ya upole ambayo Restuta aliichukia kuliko kama angefokewa:

"Mama, kazi yako ni kupiga picha. Kuisoma ni kazi yangu."

Restuta alimtazama Sipriani. Macho yao yalikutana juu ya barakoa, kisha Sipriani akayateremsha kwenye vyuma alivyoshika. Muuguzi wa dawa za usingizi alijishughulisha na mpira wake. Uzi ulianza kupita kwenye nyama. Restuta alisimama pale na kaseti ya pili mikononi, masikio yanamwaka ndani ya kofia, anasikiliza mkasi ukikata nyuzi, na hakusema neno jingine. Akaisukuma mashine yake nje.

Mchana ule ule Nikodemo alimwita. Miongoni mwa waliokula na bingwa alikuwemo mnunuzi mmoja wa korosho, mmoja wa wale wenye kampuni zao waliojaa kusini tangu biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi. Alikuwa ameteguka goti wakati akishuka garini na alitaka lipigwe picha. Restuta alisema filamu za hospitali zimekwisha tangu asubuhi. Nikodemo akauliza, na ile iliyobaki kwenye kaseti? Restuta akajibu kwamba ile ni ya mgonjwa. Nikodemo alicheka kidogo. Alisema mgonjwa ameshashonwa, filamu ya kazi gani tena kwake.

Restuta alilipiga goti la mnunuzi wa korosho. Halikuwa limevunjika.

Jioni alilisoma faili la Kadija. Damiani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa kulala kwamba picha ya mrija imepigwa na mrija ni safi. Restuta alilifunga faili akaenda zake Mtanda, na usiku akapika ugali ambao hakuula.

Siku ya tisa Kadija aliruhusiwa. Mumewe Jafari, fundi wa injini za boti, alikuja kumchukua. Kabla ya kuondoka Kadija alipita chumba cha eksirei kushukuru, akauliza kama ile filamu ya pili ilitumika au ilibaki, maana kama ilibaki basi wampe mtu mwingine asiye na uwezo.

"Ilitumika," Restuta alimjibu.

Kadija akamshukuru tena. Restuta aliingia chumba cha giza, akafunga mlango, akakaa humo bila kazi yoyote ya kufanya.

Mwezi wa kumi na moja mvua za elinino zilianza, na hazikukatika. Daraja moja baada ya jingine lilikwenda na maji. Kwa upande wa kaskazini Rufiji ilifurika, njia ya Dar es Salaam ikakatika. Katikati ya mvua hizo ndipo Kadija aliporudi. Yeye na Jafari walikuwa wamepanda Fuso la chumvi, likakwama siku mbili ng'ambo ya mto Mbwemkuru, na Jafari alimvusha mkewe kwa kumbeba mgongoni. Restuta alimwona akishushwa kwenye machela. Macho yake yalikuwa ya njano kama binzari, ngozi imekwaruzika kwa kujikuna, homa inamtetemesha. Jafari alisema mkojo wake umekuwa rangi ya kahawa na choo kimekuwa cheupe kama chokaa. Hakuhitaji kumaliza. Restuta alijua kilichoziba, na alijua kimeziba wapi, kwa sababu alikuwa amekiona kwa macho yake wiki kumi nyuma.

Nikodemo alisema apelekwe Dar es Salaam kwa bingwa aliyempasua. Akaambiwa njia haipo. Akasema basi asubiri, apewe dripu na dawa za kuua vijidudu, maana vijiwe vingine hujitengeneza upya na vingine hupita vyenyewe. Restuta aliposikia neno *upya* alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya picha za zamani, akaitoa ile ya mwezi wa tisa, akamfuata Sipriani wodini.

Aliitundika mbele yake bila salamu. Sipriani alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na kwa kawaida alimwamkia kila asubuhi. Safari hii macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye picha.

"Uliliona siku ile," Restuta alisema.

"Niliona, dada Restuta."

"Na ulinyamaza."

"Nilikuwa nimeshika vyuma vya mtu mwingine," Sipriani alisema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaona mwenyewe jinsi maneno yale yalivyosikika, akainamisha kichwa. Alisema homa ikiendelea hivi mama huyu hatamaliza wiki. Atamfungua kesho asubuhi, ataupasua mrija na kulitoa jiwe. Ila safari hii hatashona mpaka Restuta aridhike, kwa hiyo anahitaji filamu tatu, na stoo haina hata moja.

Filamu zilikuwepo. Hospitali nzima ilijua zilipo. Yule mnunuzi wa korosho alikuwa ametuma boksi zima kama shukrani ya goti lake, na Nikodemo alikuwa amelifungia katika kabati la ofisini kwake, kwa ajili ya wagonjwa wa daraja la kwanza. Restuta alikwenda ofisini humo akiwa na koti lake la kazi lililolowa mvua. Alimwamkia mkubwa wake shikamoo, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, naye akaitikiwa marahaba. Halafu akasema anataka filamu tatu za Kadija.

Nikodemo alimweleza kwa utaratibu kwamba boksi lile lina kazi yake, kwamba mume wa mgonjwa aelekezwe duka la dawa kama watu wengine. Restuta alisema duka la dawa limefungwa kwa mafuriko na mgonjwa anakufa. Nikodemo akasema utaratibu ni utaratibu. Alikuwa ameshaanza kusoma karatasi zake tena.

Miaka kumi na tisa Restuta hakuwahi kupandisha sauti mle ndani, na hata siku hiyo hakuipandisha.

"Huyu mama tunadaiwa naye filamu," alisema. "Ulichukua yake ukampa mgeni wako wa korosho, na mimi ndiye niliyeipiga. Kwa ile filamu moja tungejua mwezi wa tisa. Leo asingekuwa wa njano. Nipe filamu, daktari. Usiponipa, sitampiga picha mtu yeyote katika hospitali hii, awe daraja la kwanza au la kumi, na nikiulizwa sababu nitaisema hivi hivi nilivyokwambia."

Nikodemo alimwuliza kama anafahamu anaongea na nani. Restuta alisema anafahamu. Akavuta kiti, akaketi, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kulifanya bila kukaribishwa. Maji yalidondoka kutoka kwenye koti lake hadi sakafuni. Alikaa pale mpaka mganga mkuu alipoona kwamba ama amwite mlinzi, na mlinzi ataeleza mji mzima, ama afungue kabati. Akafungua kabati.

Asubuhi Sipriani alimpasua Kadija pale pale kwenye kovu la zamani. Ilikuwa kazi ngumu, nyama zilikuwa zimeshikana, na kuzitenganisha kulichukua saa nzima. Kisha aliukata mrija kwa urefu wa ukucha, nyongo chafu ikatoka, akaingiza koleo dogo lililopinda, akatoa jiwe la rangi ya kahawia, kubwa kama kunde. Aliliweka kwenye bakuli la chuma. Hakulitazama sana.

Waliweka mpira mwembamba ndani ya mrija, wakasukuma dawa, Restuta akapiga. Aliporudi na picha yenye maji, ilikuwa na kiduara kingine cheusi, katikati ya mrija. Muuguzi wa dawa za usingizi aliguna. Sipriani hakusema ni nini. Alimgeukia Restuta.

"Unaonaje?"

Hakuna daktari aliyewahi kumwuliza hivyo mbele ya watu. Restuta alisogea karibu na taa. Alisema hiki kina ukingo laini mno na dawa inapita hadi kwenye utumbo bila shida, anahisi ni povu, lakini kuhisi hakutoshi. Wainamishe meza. Wakainamisha, wakasukuma maji ya chumvi, akapiga tena. Kwenye picha ya pili kiduara kilikuwa kimetoweka na mrija ulikuwa mweupe toka juu hadi chini. Muda wote huo ulikuwa dakika kumi na mbili. Restuta aliziangalia kwenye saa ya ukutani, na hasira iliyompata kwa dakika kumi na mbili zile ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya kwanza. Wiki kumi za mateso ya mtu, mto uliovukwa mgongoni mwa mume, vyote vilikuwa bei ya muda ambao bingwa hakutaka kuutoa asije akachelewa chakula.

Kadija alipona taratibu. Macho yakarudi meupe. Siku ya sita Nikodemo alipita wodini na msafara wake, akasimama kwenye kitanda chake, akamweleza kwamba alipata jiwe jipya, jambo la kawaida kwa wagonjwa wa nyongo, na kwamba hospitali imejitahidi. Kadija akasema alhamdulillahi, akawashukuru wote. Sipriani alitazama dirishani. Restuta, aliyekuwa ameleta picha ya mgonjwa wa kitanda cha pili, alitoka nje.

Alirudi alasiri, saa ya kuona wagonjwa, Jafari akiwepo. Alivuta kigoda akaeleza yote tangu mwanzo: kiduara kile, neno lile *povu*, filamu iliyokuwa tayari mkononi mwake. Alisema jiwe halikuwa jipya.

Kadija alimsikiliza bila kumkatiza. Jafari alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Mliliona?" Kadija aliuliza hatimaye.

"Tuliliona."

"Mkanishona."

Restuta aliitikia kwa kichwa.

"Dada Restuta, mimi nashona nguo za watu. Nikiona sindano imebaki ndani ya pindo, nafumua. Hata kama ni sikukuu na mwenyewe yuko mlangoni ananing'ang'ania, nafumua. Na hiyo ni nguo." Alipumzika, kwa kuwa kusema kulikuwa bado kunamvuta kidonda. "Na ile filamu yangu. Ulisema ilitumika."

"Ilitumika. Nilimpigia mtu goti."

Kadija aligeuzia uso ukutani. Jafari ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba afadhali angewaambia filamu imeibwa kuliko kupokea shukrani. Restuta alikubali kwamba ni kweli. Hakusema kwamba alikuwa ameamriwa, ingawa maneno hayo yalimfika mdomoni. Kadija, bado akitazama ukuta, alisema anazitaka picha zake zote, ya zamani na mpya. Restuta alikwenda akamletea.

Siku ya kuruhusiwa, Kadija alipitia ofisi ya Nikodemo kabla ya kupitia popote. Alitembea mwenyewe, pole pole, Jafari nyuma yake. Alimwekea mganga mkuu picha ya mwezi wa tisa mezani akamwomba amsomee. Nikodemo alimwambia kwamba picha hizi si za kusomwa na kila mtu, ni za kitaalamu, na kwamba kisheria ni mali ya hospitali. Kadija akasema filamu hii ameinunua yeye, na dukani walimwandikia risiti. Kisha akasema kama daktari hataki kusoma basi aitwe aliyeipiga.

Restuta aliitwa. Aliishika picha juu, ielekee dirishani, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akaisoma kwa sauti mbele ya mganga mkuu: huu ndio mrija, hapa dawa imekatika, huu mkunjo ni wa jiwe, hapa chini hakuna kilichopita, picha ya kuhakikisha haikupigwa. Aliisoma polepole, kama watu wanavyosoma barua ya mtu mwingine kwa mwenyewe. Nikodemo alisema hayo ni maoni. Kadija akauliza kama lile jiwe lililotoka nalo ni maoni, kisha akazikunja picha ndani ya khanga na kutoka. Alipompita Restuta mlangoni alimtazama mara moja. Hakumuaga. Restuta aliona kwamba hastahili kuagwa, na hata hivyo iliuma.

Hospitali haikumlipa Kadija chochote wala haikumwomba radhi. Daktari Damiani alialikwa tena mwaka uliofuata. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo haikuandikwa popote: Sipriani hakushona tena tumbo la mgonjwa wa nyongo kabla ya kumwuliza Restuta anaonaje, na siku bingwa alipokuja alimwuliza vile vile mbele yake, kwa sauti ya kusikika.

Restuta mwenyewe alipewa barua ya onyo. Ilimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini alitafsiri picha bila kuwa na mamlaka na kutoa siri za hospitali kwa mgonjwa. Alikaa nayo mezani kwake Mtanda, mvua ikipiga bati, akaandika jibu mara mbili na kulichana. La tatu lilikuwa fupi. Alikiri kwamba alikosa. Alieleza kwamba kosa lake alilifanya tarehe kumi na sita Septemba, kwenye chumba cha upasuaji, alipoona jiwe akaambiwa ni povu, akasukuma mashine yake nje na kunyamaza. Kuhusu hilo alikuwa tayari kwa adhabu yoyote. Kuhusu mengine yaliyotajwa kwenye barua, aliandika, hana la kujieleza.

Alipeleka jibu lake mwenyewe hadi kwa karani, akataka lipigwe muhuri wa kupokelewa. Halafu akaenda kufungua chumba chake, maana nje kwenye benchi watu walikuwa wameshakaa.